Ndoana isiyo na chambo

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuache kidogo siasa na bei ya sukari, twende baharini. Nataka kuzungumza juu ya kitu chenye urefu wa kidole, laini kama ndewe ya sikio, kinachouzwa madukani kwa pakiti mithili ya peremende. Ni chambo cha plastiki. Samaki akikiuma hapati hata tonge moja. Amedanganywa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kitu hiki duni, kilichoanzia jikoni kwa fundi mmoja wa Marekani mwaka 1949, kimekwenda hadi Australia, na huko kimesaidia kugeuza samaki wawili wa kitoweo kuwa samaki wa mchezo. Na pale samaki anapogeuzwa mchezo, huwa kuna mtu anayeondolewa majini. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame.

Kwanza tuwafahamu hao samaki. Mmoja Waaustralia humwita brimu. Ni samaki wa magamba ya rangi ya fedha, mwenye mgongo uliopanda, na umbo lake si geni kwa mtu aliyewahi kununua changu sokoni, ingawa si changu. Hukaa kwenye hori na midomo ya mito, penye nguzo za magati, miamba yenye chaza na miti iliyoangukia majini. Meno yake ya mbele ni ya kukwanyua, na ya nyuma ni bapa, ya kusagia makombe. Ana wasiwasi kama mtu anayedaiwa. Aidha, hukua polepole mno: brimu wa sentimita 25, ambaye hata sahani hajazi, pengine amekwisha kuishi miaka mitano hivi.

Wa pili huitwa kwa jina lenye maana ya kichwa bapa, nami nitamwita hivyo hivyo. Huyu amebanwa utadhani alipitiwa na gurudumu la lori. Macho yako juu ya kichwa, mdomo ni mpana, na kazi yake ni kujifukia mchangani akibakiza macho tu, akisubiri kamba au kisamaki kipite. Yule wa midomo ya mito ya mashariki mwa Australia, ambaye ndiye mkubwa kuliko wenzake, huweza kupita mita moja kwa urefu, na hao wakubwa karibu wote ni majike. Ndugu yake mmoja yuko hata kwetu. Amejilalia kwenye mchanga kuanzia Bahari ya Shamu kuteremka pwani ya Afrika Mashariki, na mara mojamoja hunaswa kwenye juya pamoja na samaki wengine.

Sasa, wengi wanaoandika juu ya chambo bandia huanzia Ulaya. Watakwambia kwamba Mrumi mmoja, Aelian, aliyeishi kati ya karne ya pili na ya tatu, alieleza jinsi Wamakedonia walivyofunga sufu nyekundu kwenye ndoana ili ifanane na nzi. Ni kweli alieleza. Lakini kwa kuwa leo mgeni wetu ni brimu, haki ni kuanzia pale brimu alipo, yaani katika bandari ya Sydney, kabla haijaitwa Sydney.

Meli za Waingereza zilizobeba wafungwa zilifika huko Januari 1788. Baadhi ya maofisa waliokuwamo, kama vile Watkin Tench na David Collins, walikuwa watu wa kuandika kila walichokiona, na moja ya mambo waliyoyaandika ni kwamba uvuvi wa mshipi ulikuwa kazi ya wanawake. Wanaume walivua kwa mikuki yenye meno kadhaa. Wanawake walitoka na mitumbwi ya gome la mti, mitumbwi myepesi iliyokaa juu ya maji kwa kimo cha kiganja tu, wakiwa na watoto wao wachanga na moto. Ndiyo, moto ndani ya mtumbwi wa gome! Waliuwasha juu ya tandiko la udongo, wakachoma samaki papo hapo na kuwalisha watoto. Wakipiga kafi waliimba pamoja, na kafi zikaenda na wimbo.

Mshipi wao ulisokotwa kwa nyuzi za gome. Ndoana ndiyo inayotuhusu. Ilikuwa na umbo la mwezi mwandamo, nayo ilitengenezwa kwa kombe la konokono wa baharini, ikasagwa kwa jiwe mpaka ikabaki ile sehemu ya ndani inayometa kama lulu. Waliozichunguza ndoana hizo wanaeleza kwamba hazikuhitaji kuvikwa chambo. Mng'aro wake ndio uliokuwa mwito. Badala ya kuvika chambo, mwanamke alitafuna kome na kumtema majini ili samaki wakusanyike, kisha akateremsha ile ndoana inayometa katikati yao. Hiyo, ndugu msikilizaji, ndiyo kanuni nzima ya viwanda vya leo: kitu kisicho chakula, kinachometa na kucheza mahali penye harufu ya chakula. Kampuni zinazotia harufu ya kamba kwenye plastiki zinarudia kazi ya yule mama, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Na hii si hadithi ya kutungwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta ndoana hizo pamoja na mawe ya kuzisagia katika malundo ya makombe kandokando ya bandari, za muda wa miaka kama elfu moja iliyopita kuja huku. Katika mifupa ya samaki waliyoifukua, ile ya brimu ni miongoni mwa iliyo mingi.

Kazi hiyo waliivaa mwilini. Msichana angali mdogo alifungwa uzi kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ukakazwa hata pingili mbili za juu zikafa na kukatika. Desturi hiyo iliitwa malgun. Waingereza walielewa kwamba ni kwa ajili ya kuukunja mshipi vizuri mkononi. Huenda ilikuwa na maana pana kuliko hiyo, lakini vyovyote iwavyo, mwanamke mvuvi ulimtambua kwa mkono wake.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Ni Barangaroo, mke wa Bennelong, yule aliyekuja kuwa kiungo kati ya wenyeji na Gavana Arthur Phillip. Mwaka 1790 Waingereza walikokota nyavu zao wakapata kwa siku moja samaki wapatao 4,000, na sehemu yao akapelekewa Bennelong iwe zawadi. Mwanahistoria Grace Karskens wa Australia, ambaye amechunguza sana maisha ya wanawake hao, anatufanya tuitazame zawadi ile kwa jicho jingine. Kwa wageni ulikuwa ukarimu. Kwa mwanamke ambaye heshima yake nyumbani ilitokana na samaki aliowaleta kwa mshipi wake, ilikuwa ni kuambiwa kwamba hahitajiki tena. Tena zawadi yenyewe alipewa mume. Barangaroo alifariki mwaka uliofuata, 1791. Mwili wake ulipochomwa kwa desturi ya kwao, vyombo vyake vya uvuvi viliwekwa motoni pamoja naye.

Ndoana ya chuma ikaingia, ya kombe ikatoka. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 iliyofuata brimu wa Sydney alivuliwa kwa njia ambayo mtu yeyote wa Tanga au Lamu angeielewa bila kufundishwa: mshipi, chubwi, ndoana na chambo cha kweli. Walitumia kamba, utumbo wa kuku, hata unga uliokandwa kwa jibini. Babu na mjukuu walikaa gatini jioni, wakapata wawili watatu, wakaenda kuwakaanga.

Hapo tuwaache kwanza, tuvuke bahari kwenda Marekani, kwa kuwa huko ndiko ule udanganyifu wa kale ulikopata kiwanda.

Hadithi za chambo bandia cha viwandani ni nyingi, nami nitataja mbili tu harakaharaka. Julio Buel wa Vermont alipata hataza ya chambo cha umbo la kijiko mwaka 1852. Husimuliwa kwamba aliwahi kuangusha kijiko cha chakula ziwani akaona samaki akikidaka, lakini hadithi tamu kiasi hicho mimi huwa naipa nafasi ya kupumzika kabla sijaiamini. Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, mwaka 1936 alichonga kisamaki cha gamba jepesi la mti, lile lile linalotumika kwa vizibo vya chupa, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kukipaka filamu ya picha aliyoiyeyusha. Vyote hivyo vilikamata samaki wengi, na vyote vilikuwa vigumu. Samaki mwenye wasiwasi akigusa bati au mti hutema kabla mvuvi hajajua kama ameguswa.

Kitu laini kilitoka Akron, jimbo la Ohio, mji uliojulikana duniani kwa matairi. Kampuni ya B.F. Goodrich ilikuwa na mkemia aitwaye Waldo Semon, ambaye mwaka 1926 alikuwa akitafuta gundi ya kushikiza mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata. Katika kuhangaika kwake aliichemsha plastiki iitwayo PVC, ambayo wakati huo ilidharauliwa kwa kuwa ngumu na kukatika ovyo, ndani ya vimiminika vizito vyenye moto mkali. Ilipopoa akashika mkononi kitu kama jeli, kinachonyumbuka. Makoti ya mvua, mapazia ya bafuni na ngozi ya plastiki inayofunika nyaya za umeme majumbani mwetu ni watoto wa siku hiyo.

Miaka ishirini na ushei baadaye, katika mji huo huo, fundi mashine Nick Creme na mkewe Cosma waliiona plastiki hiyo kwa macho ya wavuvi. Creme alichukua nyungunyungu wa kweli, akafanya kalibu kwa umbo lake, na mwaka 1949 mume na mke wakaanza kupika plastiki juu ya jiko la nyumbani, wakichanganya mafuta na rangi, wakimimina, wakitupa, wakianza tena. Wakampata nyungunyungu asiyekauka, asiyenuka, na anayetikisika majini akiguswa na mkondo mdogo tu. Mwaka 1951 walianza kumuuza kwa posta, watano kwa dola moja.

Siri yake ilikuwa hii. Samaki akimuuma, ulimi wake haupati habari mbaya mara moja. Anamshika kwa sekunde mbili tatu kabla ya kushtuka. Biashara yote ya chambo laini, ambayo leo imeenea dunia nzima, imejengwa juu ya hizo sekunde mbili tatu.

Udanganyifu wenyewe si mgeni kwetu. Nimewaona wavuvi wa pwani yetu wakikokota mshipi nyuma ya ngalawa, ndoana imevikwa nyuzi nyeupe zilizofumuliwa kwenye gunia kuukuu, na kolekole anakuja mbio kama ameitwa harusini. Tofauti ni kwamba mvuvi wetu anamdanganya samaki ili ampeleke mnadani. Marekani walikuja kumdanganya samaki kwa kusudi jingine.

Mtu wa kusudi hilo ni Ray Scott, muuza bima wa Alabama. Juni 1967 aliwakusanya wavuvi 106 kwenye ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, washindane kwa fedha, na mwaka uliofuata akaanzisha chama chao. Samaki waliyemshindania ni besi, wa maji baridi, na nyungunyungu wa plastiki alikuwa silaha yao kubwa. Lakini watu waliokuwa wakitazama hawakufurahi kuona malundo ya samaki waliokufa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1972 Scott akaja na utaratibu mpya: samaki awekwe hai katika tangi la maji ndani ya mashua, apimwe, kisha arudishwe ziwani. Ninavyoona mimi, huo ndio mwaka ambao uvuvi ulipasuka vipande viwili. Kabla yake mvuvi aliyerudi mikono mitupu alikuwa amekosa. Baada yake mtu aliweza kurudi mikono mitupu akiwa bingwa.

Sasa turudi kwa brimu na kichwa bapa. Chambo laini cha Kimarekani, hasa kile chenye mkia uliojipinda kama mundu, kilichotoka Louisiana, kilifika Australia katika miaka ya 1970. Kichwa bapa ndiye aliyeanguka mapema. Ukitazama maisha yake utajua kwa nini: yeye halagi kwa kuonja, hula kwa kurukia. Ndoana yenye kichwa cha risasi huvikwa chambo, hutupwa, huachwa ikazama hadi chini, kisha mvuvi hunyanyua ufito kidogo, chambo kinaruka, na kinaanguka tena kikitimua mchanga. Kwa mlalaji wa mchangani hiyo ni picha kamili ya kamba aliyechoka. Mara nyingi humdaka wakati kinaanguka, si kinapopanda. Mvuvi hodari huutazama mshipi, haungoji mkono.

Brimu alikataa. Kwa miaka mingi Waaustralia walisema brimu hawezi kuvuliwa kwa chambo bandia isipokuwa kwa bahati, na aliyempata alitazamwa kama aliyeokota pesa njiani. Kilichobadilika hakikuwa samaki. Katika miaka ya 1990 ulifika mshipi mpya uliosukwa kwa nyuzi za plastiki nyembamba mno lakini zenye nguvu kupita chuma cha uzito huo huo, usionyumbuka, hata pumzi ya samaki kwenye chambo ikafika kidoleni. Ukaja na fito nyepesi, na vichwa vya risasi vya gramu moja mpaka tatu, ambavyo vinaacha chambo kishuke polepole kama jani. Brimu aliyekaa chini ya gati akaona kitu kidogo kikidondoka mbele yake bila haraka, bila kelele. Akakiuma.

Kufikia mwisho wa miaka ile ya 1990 yalikwisha anza mashindano ya brimu yaliyoiga yale ya Marekani: mashua zenye matangi, mizani, zawadi, na samaki anayerudishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waaustralia walikuwa wanauza chambo laini cha ubunifu wao wenyewe. Maarufu zaidi ni kile kilichoitwa Squidgies, cha waandishi wa mambo ya uvuvi Steve Starling na Kaj Busch. Watu ambao hawakuwahi kuvua wakaingia. Chambo hakinuki, hakihitaji barafu, kinakaa mfukoni mwa koti mpaka jioni ya kutoka kazini. Karani wa Sydney aliweza kuvua saa moja kabla ya ofisi bila mikono yake kumsaliti mbele ya bosi.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo hesabu ilipobadilika. Wavuvi wa mchezo walikuwa wengi, wana kura, wananunua mashua, mafuta na vyumba vya wageni. Wavuvi wa nyavu walikuwa wachache na wanachouza ni samaki tu. Mwaka 2001 serikali ya New South Wales ilianza kutoza ada kila anayevua kwa burudani baharini, kama ilivyokuwa imefanya tayari kwa maji baridi. Sehemu ya fedha hizo ikatumika kununua leseni za wavuvi wa biashara, na Mei 2002 maji ya sehemu 30 yakatengwa kwa wavuvi wa burudani. Botany Bay ilikuwamo, ziwa la Macquarie lilikuwamo, na hori ya St Georges Basin, ambayo leo jina lake halikosekani wanapozungumza wapenzi wa kichwa bapa. Familia zilizotega nyavu katika maji hayo kwa vizazi zilifunga hesabu.

Mimi sisemi kwamba jambo hilo lote ni baya. Leseni zilinunuliwa, hazikunyang'anywa kwa bunduki. Wavuvi wa mchezo nao wameleta adabu ambayo sisi wa majuya ya matundu madogo tungepaswa kuionea haya. Huko Queensland, kwa mfano, kichwa bapa wa mdomo wa mto akipita sentimita 75 ni lazima arudishwe, na aliye chini ya 40 vilevile. Victoria mipaka ni 30 na 55. Maana yake mama mzazi anaachwa azae. Mvuvi wa njaa ni vigumu kumwambia amrudishe mkubwa. Mvuvi aliyeshiba humrudisha mwenyewe, akapiga picha kwanza.

Lakini tazama nani amebaki nje. Mwanamke wa Sydney asiye na mashua wala muda wa kuvua, ambaye zamani alinunua brimu wa hori ile kwa mvuvi wa hori ile, sasa hana mlango wa kuwafikia. Samaki wako pale pale, wamehesabiwa, wamelindwa, lakini ni wa mwenye ufito. Na wazawa je, wajukuu wa wale wenye ndoana za kombe? Sheria iliwasamehe ada. Lakini wanapochukua kuliko idadi anayoruhusiwa mvuvi wa burudani, kwa ajili ya jamaa na wazee wao kama desturi yao inavyotaka, wengi wamefikishwa mahakamani, hasa wapiga mbizi wa pwani ya kusini. Mwaka 2009 Bunge la New South Wales lilipitisha kifungu cha kuutambua uvuvi wao wa kimila. Ikapita zaidi ya miaka kumi kifungu hicho kimo kitabuni, hakijaanza kutumika.

Liko pia suala la plastiki yenyewe. Chambo laini hukatika, huachwa kwenye miamba, humezwa. Huko Maine, Marekani, mwaka 2013 uliwasilishwa mswada wa kuvipiga marufuku. Viwanda navyo vikatoa vya aina nyingine, visivyo vya PVC, vinavyooza na kutoa harufu majini. Brimu wanavipenda kuliko vile vya kale. Bila shaka yule mama mtafuna kome asingeshangaa.

Nimalizie na bandari yenyewe. Upande wa magharibi wa lile daraja kubwa la Sydney palikuwa na magati ya makontena, na mahali hapo sasa pamejengwa maghorofa, mikahawa na bustani, pakapewa jina la Barangaroo. Juu zaidi ya hapo, kwenye hori ya Homebush, kwa miaka mingi palikuwa na viwanda vya kemikali vilivyotengeneza, pamoja na mengine, dawa za kuua magugu. Sumu iitwayo dayoksini ikashuka kwenye tope. Samaki walipopimwa, uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku katika bandari nzima mwaka 2006, na wavuvi wa burudani wakapewa ushauri ambao bado uko pale: samaki wa mashariki mwa daraja, kwa jumla, wasiliwe zaidi ya gramu 150 kwa mwezi. Wa magharibi mwa daraja wasiliwe kabisa.

Kuvua, hata hivyo, kunaruhusiwa. Mtu anaweza kusimama kwenye mashua yake asubuhi mbele ya Barangaroo, akatupa chambo cha plastiki chini ya gati, akakiacha kishuke polepole, akamkamata brimu wa sentimita 30 na kumpiga picha. Kisha anamrudisha majini.